Siti binti Saad: Mchuuzi wa Vyungu Aliyeipa Taarabu Lugha Yetu

Kila alfajiri hapa Isiolo, watu wakitoka msikitini, huwaona akina mama wakishika njia ya kituo cha mabasi na madumu ya maziwa ya ngamia, yapakiwe yaende kuuzwa Nairobi. Mimi ni mtu wa Pwani. Kazi ndiyo iliyonileta huku, nikalowea. Lakini kila niwaonapo akina mama hawa moyo hunirudi baharini, nikamkumbuka mwanamke wa Unguja aliyekuwa akitembeza vyungu vya udongo, akiwaita wanunuzi kwa sauti ambayo baadaye ilikuja kumpa jina.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya jambo lililotokea arusini katika mtaa wa Bula Pesa. Binti mmoja wa jirani alisimama kuimba, na sauti yake, mashallah, ilikuwa nyororo. Kabla hajamaliza ubeti wa pili, mtu mzima mmoja akauliza, kwa sauti ya kusikika, huyo ni wa ukoo gani. Binti akanyamaza, akaketi. Nami nilikuwapo, na sikusema neno. Ukimya wangu ule umeniuma hata leo, na makala haya ndiyo kafara yake.

Marehemu Siti binti Saad alizaliwa mwaka 1880 huko Fumba, Unguja. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, watu maskini wa shamba. Jina alilopewa ni Mtumwa, na jina hilo pekee latosha kumweleza msomaji hali ya kisiwa wakati ule. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, naye ni msichana mkubwa tayari. Hakusoma. Alijifunza kusuka mikeka na kufinyanga vyungu, akawa mchuuzi.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko akakutana na Ali Muhsin, mwanachama wa Ikhwani Safaa, kile chama cha taarabu kilichoasisiwa mwaka 1905. Bwana huyo alitambua kwamba sauti ile si ya kuuzia vyungu tu, akamfundisha kuimba. Kisha Siti akajiunga na mafundi wa ala, wakiwamo Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Maalim Shaaban na Mbaruku Effandi Talsam. Jina la Mtumwa likawekwa kando, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Hapa yafaa tukumbushane taarabu ilikotoka. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye aliyeipenda taarabu ya Misri, akampeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo akajifunze. Tangu hapo taarabu ikawa starehe ya jumba la mfalme na ya mabwana wakubwa, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Si kwamba Kiswahili kilikuwa hakiimbwi. Sisi watu wa mwambao tuna mashairi ya kuimbwa tangu enzi za mababu. Ila katika baraza zile za taarabu lugha yetu haikupewa kiti, na mwanamke wa shamba ndiyo kabisa.

Siti aliviingiza vyote viwili kwa pamoja. Alijifunza Kiarabu cha nyimbo na akakiimba, lakini udi na fidla akavifanya viseme Kiswahili. Mahadhi ya Kiarabu akayatia mwendo wa ngoma za nyumbani na ladha ya muziki wa Bara Hindi. Wenye kupenda mambo yakae kila moja mahali pake waliona huo ni mchafuko. Lakini nyumbani kwake Ng'ambo watu walikuwa wakikusanyika usiku kumsikiliza, na milango ya mabwana, hata ile ya jumba la mfalme, ikamfungukia.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice. Yasemwa kuwa yeye ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi. Zilipofika madukani, zilinunuliwa kama mkate wa Ramadhani: kufikia mwaka 1931 santuri hizo za Kiswahili zilikuwa zimeuzwa kiasi cha 72,000. Mtu asiyejua kusoma wala kuandika akawa ameipeleka lugha yake mbali kuliko wengi wenye kalamu.

Wala hakuimba mapenzi peke yake. Katika wimbo wake wa Kijiti alisimulia habari ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji alivuka bahari akaponyoka, na wanawake waliokuwa pamoja na marehemu ndio waliofungwa. Wanyonge wasiokuwa na wa kuwasemea mahakamani walipata wa kuwasemea barazani.

Wapinzani hawakumwacha. Walimsimanga kwa sura yake, kwa umaskini aliokuja nao mjini na kwa asili yake. Hakuificha asili hiyo wala hakujitungia nasaba ya kuazima. Majibu yake yalikuwa katika nyimbo, na heshima yake katika mavazi na mwenendo.

Alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950. Muda mfupi kabla ya hapo alikutana na Shaaban Robert, ambaye aliandika wasifu wake, ukachapishwa mwaka 1958. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alichota katika kisima hicho hicho. Wanahabari wanawake wa Tanzania walipoanzisha gazeti lao mwaka 1988 waliliita Sauti ya Siti, na mwaka 2020 kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa albamu ya nyimbo za bibi yake.

Ndugu msomaji, suala la halali na haramu ya ala nawaachia masheikh, wao ndio wenye elimu. Langu mimi ni lile swali la ukoo. Hapa Isiolo Mborana, Msomali, Mmeru, Mturkana na Msamburu hukutana sokoni, na Kiswahili ndicho kinachowauzia na kuwanunulia. Hakimwulizi mtu babu yake nani. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kuwa Mwarabu hamshindi asiye Mwarabu ila kwa uchamungu. Kama Unguja ingeshikilia swali lile, Siti angezeeka na vyungu vyake, na taarabu yetu isingekuwa hii tuijuayo.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa jirani yangu nikamwomba radhi, yeye na binti yake. Nikawasimulia kisa hiki kama nilivyowasimulia nyinyi. Binti hakusema mengi. Lakini jioni, nikiwa barazani kwangu, nilimsikia ng'ambo ya ua akiumalizia ule ubeti wa pili.

Mwenyezi Mungu amrehemu Siti binti Saad. Amin.