Al-Khwarizmi: Mzee Aliyetupa Aljebra

Wengi wetu tunaokwenda TP kufundisha hisabati tunafundisha kazi ya mtu tusiyemjua. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi alizaliwa kama mwaka 780. Jina lake linatokana na Khwarizm, kusini mwa Bahari ya Aral, lakini kazi yake aliifanyia Baghdad, kwenye Nyumba ya Hekima, enzi za Khalifa al-Ma'mun (813–833). Aliandika kuhusu nyota, ramani, na hizi tarakimu zenye asili ya India tunazotumia mpaka leo.

Kilichompa jina zaidi ni kitabu cha al-jabr. Alikiandika kwa ajili ya shida za watu: mirathi, biashara, kupima mashamba, kuchimba mifereji. Na humo hamna x hata moja! Kila hesabu iko kwa maneno, na namba isiyojulikana aliiita kitu.

Al-jabr ni kurudishia kilichopungua. Waarabu hulitumia neno hilo hata kwa kuunga mfupa uliovunjika. Chukua 3x – 4 = 11. Kushoto kumepungua 4. Rudishia 4, na kulia ongeza 4 ili pande zibaki sawa: 3x = 15, kwa hiyo x = 5. Mwenzake, al-muqabala, ni kuondoa kinachofanana pande zote. Kwenye 5x + 2 = 3x + 10, toa 3x na 2 kila upande: 2x = 8, x ni 4.

Sisi je? Tunasema namba ikivuka inabadili alama, basi. Mtoto wa kidato cha kwanza hapa Nyamagana au Ilemela, aliyetoka kusoma hisabati kwa Kiswahili na sasa anaisoma kwa Kiingereza, anakariri tu. Swali likigeuzwa kidogo, kwisha habari. Kumbe hakuna namba inayovuka. Ni mizani: ukigusa sahani moja, gusa na ya pili. Mtoto aliyewahi kuona dagaa wakipimwa pale Mwaloni ataelewa haraka.

Al-Khwarizmi alifariki kama mwaka 850. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikitafsiri kitabu hicho kwa Kilatini, kikaenea vyuo vya Ulaya. Jina lake lenyewe likazaa neno algorithimu, ambalo wenzetu wa kompyuta wanalitaja kila siku.

Kwa hiyo mwalimu mtarajiwa, kabla ya kuandika x ubaoni, lieleze swali kwa maneno kwanza. Aljebra ilianza hivyo.