Gary Kildall: Fundi Aliyetutengenezea Rejista

Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Walinena kweli, lakini si kila chanda, na si kila mara mwenye chanda huwa hai pete inapofika. Msomaji mpenzi, hayo utayaona katika maisha ya mtu ninayetaka kukusimulia leo.

Kabla sijamtaja, hebu chukua kadi ya kamera ya mpiga picha yeyote uitie katika kompyuta. Utaona majina kama IMG_0001.JPG. Sasa hesabu. Kabla ya nukta kuna alama 8, baada ya nukta kuna 3. Kwa nini 8 na 3, na si 10 na 5? Kamera hiyo imetengenezwa juzi tu, lakini mtindo huo wa majina umetoka mbali. Umetoka Marekani, mwaka wa 1974, katika mikono ya Gary Kildall.

Gary Arlen Kildall alizaliwa tarehe 19 Mei 1942 mjini Seattle, jimbo la Washington. Jamaa zake walikuwa na shule ya kuwafundisha mabaharia kuongoza vyombo. Gary naye alitaka kuwa mwalimu wa hisabati, na kwa nia hiyo akaingia Chuo Kikuu cha Washington. Huko akakutana na kompyuta, na mapenzi yakaanza. Alipochukuliwa na jeshi la majini hakutumwa vitani, bali alipelekwa kufundisha katika chuo cha wanamaji kilichoko Monterey, California. Mwaka wa 1972 akapata shahada ya uzamifu katika sayansi ya kompyuta.

Enzi hizo kompyuta ilijaza chumba kizima, na mtu wa kawaida hakuigusa. Halafu kampuni ya Intel ikatoa kibwete cha ajabu, kipande kidogo kuliko ukucha chenye ubongo mzima wa kompyuta ndani yake. Wengi walidhani kitafaa kwa vikokotoo na taa za barabarani tu. Kildall akasema moyoni, la, hii ni kompyuta kamili. Akakinunua, akaanza kukiandikia programu, na hatimaye akawa mshauri wa Intel yenyewe.

Lakini palikuwa na shida moja. Umeme ukizimwa, kila kitu hupotea. Kazi ilihifadhiwa kwa kutoboa matundu kwenye utepe wa karatasi, jambo lililochosha kupita kiasi. Kildall akajipatia kifaa cha kusoma disketi za inchi 8, na rafiki yake John Torode akamtengenezea sakiti ya kukiunganisha. Disketi moja ilikuwa na njia 77 za mviringo, kila njia ikiwa na vipande 26, na kila kipande kikibeba baiti 128. Piga hesabu mwenyewe, utapata baiti 256,256. Leo picha moja ya simu haiingii humo, lakini siku hizo ilikuwa bahari!

Tatizo ni kwamba disketi haina akili. Haijui hii ni barua na ile ni hesabu. Inahitaji rejista, kama ile ya mwalimu wa darasa, ionyeshe jina la kila mwanafunzi na mahali anapoketi. Rejista hiyo pamoja na kanuni zake ndiyo huitwa mfumo wa faili. Kildall aliipa kila faili nafasi ya baiti 32 katika rejista. Jina lilipata alama 8, aina ya faili alama 3, na nafasi nyingine ikaonyesha faili imelala wapi kwenye disketi. Juu ya rejista hiyo akajenga mfumo wa amri, akauita CP/M. Hakukuwa na picha wala kipanya. Ulikuta A na mshale mmoja kwenye kioo, ukaandika DIR kuona orodha ya faili, REN kubadili jina, TYPE kusoma. Amri hizo bado zipo katika kompyuta nyingi hadi leo.

Intel hawakuutaka mfumo huo. Basi Kildall na mkewe, Dorothy McEwen, wakafungua kampuni yao mjini Pacific Grove, baadaye ikajulikana kama Digital Research. CP/M iliuzwa kwa posta kwa dola 70, na wateja wakafurika.

Hapo ndipo fundi huyu alipoonyesha ubingwa wake. Kila kampuni ilikuwa na disketi zake na vifaa vyake, na ilimbidi aandike upya sehemu za CP/M kila mara. Si mchezo, kazi hiyo ingemmaliza. Kampuni ya IMSAI ilipotaka CP/M kwa mashine zake, Kildall akaigawa kazi sehemu mbili. Sehemu moja ikajua faili tu. Nyingine, aliyoiita BIOS, ikajua vifaa tu. Mwenye mashine mpya aliandika BIOS yake, na sehemu ile nyingine haikuguswa.

Sisi wa Sericho tunaweza kulielewa jambo hili bila hata kuiona kompyuta. Ngamia hunywa kwenye hori. Kisima cha kuchimbwa kwa mikono kikikauka, watu huchimba kingine, au huleta pampu, au huvuta bomba kutoka mbali. Ngamia hana habari. Anajua hori lake liko pale pale na maji yamo. Kildall alijenga hori. Maji yatoke kisima gani, hilo likawa shauri la BIOS.

Faida yake ilionekana diski ngumu zilipoanza kuingia. CP/M ya zamani ilikuwa imebeba tumboni vipimo vya disketi ya inchi 8. Diski kubwa ikija, haijui la kufanya. Mwaka wa 1979, katika CP/M 2, Kildall alivitoa vipimo hivyo na kuviweka katika jedwali ndani ya BIOS. Kubadili diski kukawa kubadili jedwali tu. Kutoka takriban kilobaiti 250, mfumo ule ule wa amri ukaweza kuhudumia diski ya megabaiti 8. Na disketi za kale ziliendelea kusomeka! Watu hawakulazimika kutupa kazi zao ili wapate kipya. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya.

Hata hivyo, mtu hakosi kukosa. CP/M haikuwa na folda ndani ya folda. Ilikuwa na maeneo 16 tu ya watumiaji, yaliyohesabiwa kuanzia 0 hadi 15. Kwenye disketi ndogo hakuna aliyelalamika, kwani wanafunzi 20 huhitaji rejista moja. Diski ilipokua, faili zikawa mamia, na orodha moja ndefu ikawa msitu. Vilevile rejista yake ilihesabu kwa vipande vya baiti 128, haikuandika urefu kamili wa faili. Ilibidi maandishi yatiwe alama maalumu ya mwisho ili mashine ijue pa kukomea.

Mwaka wa 1980 kampuni kubwa ya IBM ilitafuta mfumo wa kompyuta yake mpya. Ilibisha hodi kwa Kildall, lakini mkataba haukupatikana. Microsoft wakaipata kazi hiyo kwa kununua mfumo ulioandikwa na kijana aitwaye Tim Paterson. Paterson aliufuata mtindo wa CP/M katika namna programu zinavyoomba huduma, majina ya 8 na 3 yakiwemo, lakini akatumia rejista tofauti iitwayo FAT, iliyoandika urefu kamili wa faili. Hiyo ndiyo DOS. IBM ilipouza mifumo yote miwili, DOS ilikuwa dola 40, na CP/M ya mashine hizo dola 240. Wewe ungenunua ipi? Mwaka wa 1983 DOS 2 ikaleta folda na diski ngumu ya megabaiti 10. Mwaka huo huo CP/M Plus ikaleta tarehe za faili na diski hadi megabaiti 512, lakini folda bado. Soko likahama.

Jamani, dunia ni mduara. Mwaka wa 1988 kampuni ya Kildall ikatoa DR DOS. Kampuni iliyoigwa sasa ndiyo iliyojifunza rejista ya mshindani, na ikajifunza vizuri. DR DOS ilisoma diski za FAT na kuuvuka mpaka wa megabaiti 32 uliokuwa umewabana watumiaji wa DOS kwa miaka. Mwaka wa 1991 Digital Research ikanunuliwa na Novell.

Kildall mwenyewe alikuwa ameshaanza mengine. Mwaka wa 1985 kampuni yake nyingine, KnowledgeSet, iliiweka ensaiklopidia nzima ya Grolier kwenye diski moja ya CD. CD hubeba zaidi ya megabaiti 500, na DOS ya siku hizo haikujua kuisoma mpaka iongezewe programu. Kwa miaka kadhaa alikuwa pia mtangazaji mwenza wa kipindi cha televisheni kuhusu kompyuta, akieleza mambo magumu kwa upole, kama yule mwalimu wa hisabati aliyetaka kuwa.

Tarehe 8 Julai 1994 aliumia kichwani mjini Monterey, na tarehe 11 akafariki. Alikuwa na miaka 52. Siku chache kabla, tarehe 29 Juni, mwanafunzi wa chuo kikuu aitwaye Jim Hall alikuwa ametangaza mradi wa kutengeneza DOS ya bure, ambayo leo huitwa FreeDOS. Hiyo husoma FAT32, rejista iliyokuja mwaka wa 1996 kwa ajili ya diski za gigabaiti, na bado unaandika DIR kama mwaka wa 1974. Kisima kipya, hori lile lile.

Pete nayo ilichelewa. Tarehe 25 Aprili 2014, miaka karibu 20 baada ya kifo chake, bamba la ukumbusho liliwekwa mbele ya jengo la Pacific Grove lililokuwa makao makuu ya kampuni yake.

Wanachama wenzangu, tunajifunza nini? Kwanza, ukitaka kuleta kipya, usiwanyang'anye watu walichokuwa nacho. Tenganisha kinachobadilika na kisichobadilika, kisha badilisha kile cha kwanza tu. Pili, usilale ukidhani rejista yako inatosha milele, kwa maana darasa huongezeka. Na tatu, sifa ikichelewa, kazi haichelewi. Kila mpiga picha anapobonyeza kamera yake, jina la alama 8, nukta na 3 huandikwa. Hakuna anayemtaja Gary Kildall. Sisi leo tumemtaja.