Imani Ianzie Nyumbani: Maisha ya Mtakatifu Andrea Kaggwa

Wapendwa wanandoa,

Mara nyingi tukizungumza juu ya kuwashirikisha wengine imani, jibu lenu huwa ni moja: hiyo ni kazi ya padre, sista na katekista. Ninyi mna shughuli zenu. Maji yako mbali, mbuzi wamekonda, karo haijalipwa, na huko kambini Kakuma mgao wa chakula hautoshi. Hebu leo tusimulie habari za mtu aliyekuwa na mke, kazi na majirani kama ninyi.

Andrea Kaggwa alizaliwa Bunyoro, magharibi mwa Uganda ya leo. Akiwa mtoto alitekwa na wavamizi kutoka Buganda, akapelekwa mbali na wazazi wake. Ninyi ambao mmekimbilia Kakuma tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992 mnajua uchungu wa mtoto kukulia ugenini. Kaggwa alilelewa katika jumba la Kabaka Mutesa. Huko alijifunza kupiga ngoma, na hatimaye akawa mkuu wa wapiga ngoma wa mfalme.

Mapadre Weupe walifika Buganda mwaka 1879. Kaggwa alikuwa kijana mwenye kiu ya kumjua Mungu. Alikwenda kujifunza kwao, akabatizwa tarehe 30 Aprili 1882. Kumbe furaha hiyo haikudumu! Mnamo Novemba mwaka huohuo mapadre waliondoka Buganda, wakaenda kusini mwa Ziwa Viktoria, wasirudi hadi mwaka 1885. Fikirini: zaidi ya miaka 2 bila Misa, bila kitubio, bila padre wa kuulizwa swali.

Je, imani ilikufa? Hata kidogo. Wakristo wachache waliobaki walifundishana wao kwa wao. Kaggwa alimfundisha dini Klara Batudde, mke wake. Nyumba yao ilikuwa mahali pa kusali na kujifunza, na vijana walifika hapo kufundishwa njia ya Kristo. Mapadre waliporudi walikuta kundi limeongezeka.

Jimbo la Lodwar ni pana mno. Kutoka Lodwar mjini hadi Kakuma peke yake ni kama kilomita 120, na vigango vingine viko mbali na barabara. Padre hawezi kuwa kila mahali kila Jumapili. Lakini baba na mama wapo kila jioni. Siku ambayo padre hayupo, ni nani anayewafundisha watoto wenu Ishara ya Msalaba? Ni nani anayemwombea jirani mgonjwa?

Kwa Kaggwa, kufundisha kulikuwa na gharama. Mutesa alifariki mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akarithi kiti. Mwanga alimpenda Kaggwa, lakini Katikiro, waziri mkuu wake, alimwogopa na kumchukia. Miongoni mwa vijana waliofundishwa na Kaggwa walikuwamo watoto wa Katikiro mwenyewe. Mateso ya Wakristo yalipopamba moto mwaka 1886, Katikiro alimshikilia mfalme mpaka akamtoa rafiki yake. Kaggwa alipoulizwa kama ni yeye aliyewafundisha watoto wale, hakukana. Aliuawa Munyonyo tarehe 26 Mei 1886, akiwa na umri wa miaka 30 hivi. Klara akabaki mjane.

Papa Paulo wa Sita alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, pamoja na Karoli Lwanga na wenzao. Nchini Uganda, Kaggwa ni msimamizi wa makatekista, walimu na familia. Angalieni jinsi mambo hayo matatu yalivyokutana katika mtu mmoja. Hakuiacha nyumba yake ili awe mwalimu. Alianza na nyumba yake.

Pengine wewe, mama, unaogopa kwamba mume wako atakucheka ukimwalika kusali. Pengine wewe, baba, unaona haya kusali mbele ya watoto kwa sababu jana walikusikia ukigombana na mama yao. Anza kwa kuomba msamaha. Hilo nalo ni fundisho, tena watoto hawalisahau.

Kuhusu majirani, msilazimishe mtu. Kakuma mnaishi na watu wa mataifa mengi, Waislamu na Wakristo wa madhehebu mengine. Msimvute mtoto wa mwenzenu kwa peremende, wala msiitukane dini ya mtu. Mpeni jirani ndoo ya maji, mtembeleeni akifiwa, semeni ukweli sokoni. Siku atakapouliza kwa nini mnaishi hivyo, mjibuni bila kuficha, kama Kaggwa alivyojibu.

Jioni ya leo, kaeni wawili mjiulize:

1. Ni lini mara ya mwisho tulisali pamoja, sisi wawili?
2. Watoto wetu wamejifunza nini juu ya Mungu kutoka kwetu, wala si kutoka kwa katekista?
3. Ni jirani gani anayetuhitaji wiki hii?

Kisha shikaneni mikono, msali Baba Yetu. Hata kama mmoja wenu ataona haya, msiache. Mtakatifu Andrea Kaggwa, utuombee.