Balozi Kirk na Kima wa Kusini

Mtu atokaye Mjini kwenda Makunduchi kwa gari hupita kando ya msitu wa Jozani, na hapo dereva hana budi kupunguza mwendo, kwa kuwa barabara imewekwa matuta. Matuta hayo yaliwekwa kwa ajili ya kima punju, mnyama wa mgongo mwekundu na kifua cheupe, ambaye asili yake ni Unguja na vijisiwa vyake tu, wala hapatikani kwa asili pahala pengine po pote duniani. Katika vitabu vya elimu ya wanyama kima huyu amepewa jina la Sir John Kirk. Wageni waendao Jozani hulisikia jina hilo kila siku, na wananchi wengi wa kusini hawakuelezwa bwana huyo alikuwa nani, wala ilikuwaje hata mnyama wao akaitwa kwa jina lake. Twaona inafaa tuyaeleze maisha yake.

Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba, 1832, katika kijiji cha Barry, Uskochi. Alisomea udaktari katika chuo kikuu cha Edinburgh, akahudumu katika hospitali ya majeruhi wa vita vya Krimea, kisha mwaka 1858 akaandamana na Dakta Livingstone katika safari ya mto Zambezi, akiwa mganga wa msafara na mtazamaji wa mimea. Safari ile ilikuwa na homa, ugomvi na vifo. Kirk aliiacha mwaka 1863, akarudi kwao na majani makavu na mbegu alizozikusanya. Mwaka 1866 akaletwa Unguja kuwa daktari wa ubalozi wa Uingereza. Akapanda cheo hata akawa Balozi Mkuu, na akakaa hapa karibu miaka ishirini.

Watu wengi humtaja kwa ajili ya mkataba wa tarehe 5 Juni, 1873, ambao Seyyid Barghash alitia sahihi, na kwa mkataba huo soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Hatumnyimi Kirk haki yake. Kufungwa kwa soko lile kulikuwa jambo la kheri kwa kila mwana wa Afrika. Lakini ni haki pia kusema kwamba sahihi ile ilipatikana kwa tishio la manowari kuzingira bandari, na kwamba balozi aliyezoea kumwelekeza Sultani katika jambo jema hakuona taabu kumwelekeza katika mambo mengine. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakaigawa bara iliyokuwa chini ya Barghash, na mwaka 1890 Unguja na Pemba zikawa chini ya himaya ya Uingereza. Kirk alikuwa amekwisha ondoka visiwani, lakini njia ilikuwa imefyekwa zamani.

Hapo ndipo wengi humwachia. Sisi twataka kumfuata Kirk wa upande wa pili, yule wa bustani na misitu, kwani kazi yake hiyo ingali inatugusa. Alikuwa mtaalamu wa mimea kwa kweli. Alichunguza sandarusi, akaandika habari za mtoria utoao mpira, na mmea huo nao ukapewa jina lake. Kwake Mbweni alipanda miti ya nchi nyingi, na kila alichokiona kigeni alikipeleka London. Miongoni mwa vitu hivyo walikuwamo kima wa Unguja. Mwaka 1868 Bwana John Edward Gray wa makumbusho ya London aliwaeleza katika maandishi ya kitaalamu, akawaita kwa jina la Kirk.

Bila shaka watu wa Makunduchi, Mtende na Muyuni walikuwa na jina lao. Punju ni sumu, na kima huyo aliitwa hivyo kwa sababu wazee walisema kwamba mbwa akimla hunyonyoka manywele. Nani ajuaye ni mbwa wangapi walinusurika kwa imani hiyo, na kima wangapi!

Wakati Kirk akiwa hapa, misitu ya kisiwa ilikuwa ikiisha. Mashamba ya mikarafuu na minazi yalikuwa yameenea upande wa magharibi penye udongo mzuri, na Wahadimu, wenyeji wa kisiwa, walikuwa wamesukumwa kuelekea ardhi ya mawe ya mashariki na kusini. Mnyama wa msituni alisukumwa pamoja nao. Msafiri Harry Johnston, aliyepita Unguja katika miaka ya 1880, aliandika kisa kimoja kumhusu balozi na kima. Anasimulia kwamba, ilipodhaniwa kuwa kima wale wamekwisha, wasasi walipelekwa katika kipande cha msitu kilichosalia, wakatazame kama wamebaki wo wote. Wasasi wakarudi na furaha kubwa, wamebeba mizoga, wakatoa habari kwamba wamewaua wote waliobaki.

Kisa hiki kinatuonyesha elimu ya zama zile ilivyokuwa. Mtu alitaka kujua kama mnyama yu hai, na njia ya kujua ikawa ni kumpiga bunduki. Hatusemi kwamba Kirk alikuwa mkatili kupita wenziwe. Mabwana wote wa makumbusho walifanya vivyo hivyo. Wala wasasi hatuwalaumu, maana walitumwa kazi wakaitimiza kama walivyoielewa.

Jambo la ajabu ni kwamba habari ile haikuwa kweli. Kima hawakuwa wamekwisha. Walikuwamo Jozani penye maji, na katika misitu ya maweni ya kusini, ambako jembe halipiti na mkarafuu hauoti. Jiwe lililomfanya Mhadimu kuwa maskini ndilo lililomhifadhi kima.

Kirk alihudhuria mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 juu ya biashara ya watumwa, akafa Uingereza tarehe 15 Januari, 1922, akiwa na umri wa miaka 89. Baada yake walikuja wataalamu wengine na majina mengine. Paa nunga, yule paa mdogo wa misitu yetu, aliitwa mwaka 1918 kwa jina la Dakta Aders wa serikali ya Unguja, na chui wa Unguja naye akapewa jina la daktari huyo huyo mwaka 1932. Jina halikumfaa chui kitu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ulifanywa msako wa wachawi na chui kisiwa kizima, ukiongozwa na mganga mashuhuri aliyeitwa Kitanzi, na chui wakauawa kwa wingi. Wataalamu waliomtafuta katika miaka ya 1990 walikata tamaa.

Kima punju amenusurika kwa sababu walipatikana watu wa kumlinda. Sheria ya misitu ya Zanzibar ilipitishwa mwaka 1996, na mwaka 2004 Jozani pamoja na Ghuba ya Chwaka ikawa Hifadhi ya Taifa. Lakini sheria haitembei msituni usiku. Atembeaye ni mlinzi wa misitu. Kazi yake ni kutegua mitego, kuwazuia wachoma mkaa na wakata kuni za tanuu la chokaa, na kuwakamata wasasi wenye mbwa na nyavu, ambao pengine ni binamu zake. Kesho yake mlinzi huyo hukaa barazani na mkulima ambaye nazi zake changa zimeangushwa na kima, naye hudai kwamba serikali yapenda kima kuliko watu. Malalamiko hayo si ya kupuuzwa, maana shamba ndilo chakula. Utafiti uliotolewa mwaka 1999 ulionyesha kwamba minazi iliyotembelewa na kima haikupungua mavuno, kwa kuwa nazi changa zinapopunguzwa zinazobaki hukomaa vizuri. Hata hivyo mlinzi awezaye kulieleza hilo mbele ya mkulima mwenye hasira, akasikilizwa, amefanya kazi kubwa kuliko ya kukamata wahalifu kumi. Mapato ya wageni wa Jozani yanayogawiwa vijiji vya jirani humsaidia kusikilizwa.

Mwaka 2017 ilitangazwa hesabu ya wataalamu waliopita kisiwa kizima, wakahesabu kundi baada ya kundi. Walipata kima zaidi ya 5,800, mara tatu ya idadi iliyodhaniwa kabla yake. Wengi wao wamo katika maeneo yaliyohifadhiwa. Waliobaki wamo nje ya hifadhi, katika vichaka vya vijiji, na hao hawana matuta barabarani wala lango la kukatia tiketi.