Jeevanjee: mwenye nyumba wa Nairobi

Wengi wetu huku ughaibuni tunatuma fedha nyumbani kununua viwanja, kwa hiyo leo tunamkumbuka marehemu Alibhai Mulla Jeevanjee. Alizaliwa Karachi mwaka 1856, akafika Mombasa mwaka 1890. Mtaji aliupata kwa kuiletea reli ya Uganda vibarua na chakula. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, alinunua ardhi, akajenga soko na maduka, akaipangisha hata serikali ya kikoloni. (Gazeti pia alianzisha, African Standard, kisha akaliuza. Sisi wa kalamu hatushangai.)

Mashamba ya nyanda za juu Wahindi walinyimwa, naye alilipigania hilo. Alifariki mwaka 1936, sehemu kubwa ya utajiri ikiwa imeyeyuka. Bustani aliyowapa wananchi mwaka 1906 ilibaki. Mwaka 1991 ilitakiwa kugeuzwa maegesho ya magari. Mjukuu wake akapinga, ikanusurika.