Bruno Gutmann, Mwalimu Aliyejifunza kwa Wazee wa Uchagga

Bruno Gutmann alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1876, akafika Kilimanjaro mwaka 1902 akiwa mmisionari wa Kilutheri wa Misheni ya Leipzig. Kazi yake kubwa aliifanya Old Moshi. Waingereza walimwondoa mwaka 1920, lakini baadaye alirejea akaendelea hadi 1938.

Gutmann alijifunza Kichagga, akaketi na wazee na kuandika mafunzo waliyopewa vijana jandoni kuhusu maisha, wajibu na utu. Yalichapishwa kwa Kichagga na Kijerumani katika juzuu 3, kati ya 1932 na 1938.

Aliamini kuwa mtu hulelewa na ukoo, majirani na rika. Hivyo aliwapanga vijana wa kipaimara katika vikundi vidogo, kila mmoja awe ngao ya mwenzake. Wapo waliomlaumu kwa kuitilia shaka elimu ya kisasa.

Alifariki dunia mwaka 1966. Leo, kutoka Siha hadi Holili, jando la kale limefifia. Lakini hekima ya wazee wale haikuzikwa pamoja nao, kwa kuwa mwalimu alikubali kwanza kuwa mwanafunzi.