Geoffrey Taylor na siri ya chuma kinachokubali kisha kinakataa

Fundi wa kufua majembe, awe hapa Kpandroma ao Mahagi ao Bunia, anajua jambo moja bila kusoma kitabu. Ukipiga chuma kikiwa baridi, mwanzo kinakubali, kisha kinakuwa kigumu, na ukiendelea kinapasuka. Ukikirudisha motoni, kinalegea. Waya ni vilevile: kunja, kunjua, kunja tena, mwisho inakatika mkononi. Mafundi walijua hivyo tangu zamani za mababu. Sababu yake ilianza kueleweka mwaka 1934, na mmoja wa walioipata ni Mwingereza Geoffrey Ingram Taylor.

Alizaliwa London tarehe 7 Machi 1886. Baba yake alikuwa mchoraji. Mama yake alikuwa binti wa George Boole, yule ambaye hesabu zake zinatumika leo ndani ya kompyuta na simu zetu. Taylor alisoma Cambridge na karibu maisha yake yote yakabaki huko. Chuma haikuwa kazi yake ya kwanza. Mwaka 1913, baada ya Titanic kuzama, alipanda meli Scotia iliyotumwa kuchunguza barafu za Atlantiki, akawa anapima hali ya hewa kwa tiara. Wakati wa vita ya 1914 alifanya kazi ya ndege, hata kuzirusha alijifunza.

Kisha akakutana na kazi ya mwanamke mmoja, Constance Elam. Tuseme hivi: chuma, shaba, aluminiamu ya sufuria, vyote ni punje ndogo ndogo zilizobanana. Ndani ya kila punje atomu zimejipanga mistari sawasawa, lakini mistari ya punje hii haielekei upande mmoja na ya jirani yake. Elam, pamoja na profesa Carpenter, alikuwa amepata namna ya kutengeneza kipande kizima cha aluminiamu chenye punje moja tu. Taylor na Elam wakakivuta, wakakipima, na mwaka 1923 wakaonyesha kwamba tabaka za atomu zinateleza moja juu ya ingine.

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Ukipiga hesabu ya nguvu ya kutelezesha tabaka nzima mara moja, unapata nguvu kubwa ajabu. Chuma cha kweli kinakubali kwa nguvu ndogo kuliko hiyo mara mamia, hata mara maelfu. Kwa nini?

Fikiria turubai kubwa ya kuanikia mihogo. Kuivuta yote ni kazi. Lakini ukitengeneza mkunjo upande mmoja na kuusukuma mpaka upande wa pili, turubai imesogea bila jasho. Ndani ya chuma iko mikunjo ya namna ile. Wataalamu wanaiita dislokasio. Taylor aliandika hivyo mwaka 1934, na mwaka uleule Orowan na Polanyi, wote wawili wazaliwa wa Hungaria, wakaandika vilevile, kila mtu kwa njia yake. Haki ni kuwataja wote watatu.

Taylor aliongeza jambo la fundi wetu: mikunjo ikizidi, inazuiana yenyewe kwa yenyewe. Ndiyo maana jembe lililopigwa baridi linakuwa gumu. Moto unaitawanya.

Na mpaka wa punje? Ni kama mashamba mawili ya mahindi yaliyopandwa mistari tofauti. Unatembea vizuri katikati ya mistari ya shamba la kwanza, ukifika mpakani njia imefungwa. Mkunjo nao unakwama pale, mingine inarundikana nyuma yake. Mwaka 1938 Taylor alionyesha kwamba punje iliyobanwa na majirani inahitaji njia tano za kuteleza ili ibadilike umbo pamoja nao, sawa na abiria katika gari iliyojaa. Baadaye, Hall mwaka 1951 na Petch mwaka 1953 wakathibitisha: punje zikiwa ndogo, mipaka ni mingi, chuma kinakuwa na nguvu zaidi. Anayeacha chuma motoni kupita kiasi anakuza punje, na anakipunguzia nguvu.

Nchi yetu nayo inaingia katika maisha haya, kwa njia ya uchungu. Taylor alikuwa kati ya waliosaidia Waamerika kutengeneza bomu la atomiki, na Julai 1945 alishuhudia jaribio la kwanza. Urani nyingi ya mpango ule ilitoka Shinkolobwe, huko Katanga.

Mikunjo yenyewe ilionekana ikitembea mwaka 1956, palepale Cambridge, kwa darubini ya elektroni, ndani ya karatasi nyembamba ya aluminiamu. Taylor alikuwa na miaka 70. Alifariki tarehe 27 Juni 1975. Constance Elam, ambaye wengi hawamtaji, aliishi mpaka 1995, akiwa na miaka 101.